Krismasi ya Vitambaa

"Shuka hapo, utaanguka."

"Nikianguka si utanidaka?"

"Nikudake na nini, mwenzangu? Mikono yote miwili imebeba mlimau."

Pini aligeuka pale juu ya meza aliposimama, akamwona Bwana Mtaro anaingia sebuleni kinyumenyume, ameikumbatia ndoo yenye mlimau mchanga kama mtu anayecheza dansi na mke wa mkubwa wake: kwa adabu, na kwa hofu ya kukanyaga. Jani moja lilikuwa limemganda kwenye nywele. Pini alitamani ashuke amtoe lile jani, na akishamtoa achelewe kidogo kuondoa mkono. Lakini nyumba haikuwa yao. Wenye nyumba, wazazi wa Bwana Mtaro, walikuwa kanisani, na ibada ya Krismasi hata iwe ndefu vipi, ina mwisho wake.

"Uweke pale kwenye kona," alisema. "Taratibu. Huo ndio mti wetu wa Krismasi."

"Mti wa Krismasi wenye malimau mawili."

"Ule wa plastiki wa Mama ulikuwa na mangapi?"

Bwana Mtaro akacheka, akaitua ndoo, akasimama chini ya meza na kumtazama. Mtazamo wake ulikuwa na tabia mbaya ya kutokuwa na haraka. Pini akarudi kwenye kamba yake ya vibendera, akajifanya fundo limemshinda, kumbe alikuwa amelifunga zamani.

Wazazi wake hawakumpa jina la Pini. Lilimpata kazini, kwenye kile kibanda chake cha cherehani pale kona, kwa sababu akishaanza kupima nguo hubana pini midomoni na mteja haambulii neno, ni "mm" na "mm-mm" tu. Bwana Mtaro naye alikuwa kwenye genge la jiji linalozibua mitaro, na mtaa mzima ulishasahau jina lake la kanisani. Alikwenda kwa Pini mara ya kwanza na suruali ya kazi iliyopasuka goti. Mara ya pili akaenda na goti la pili. Mara ya tatu mpasuko ulikuwa umenyooka kama umepigiwa rula, na Pini, ambaye anaijua kazi ya mkasi, hakusema kitu. Ndipo yule bwana akamwuliza kama anaweza kumsindikiza nyumbani jioni. Pini alikuwa na pini mdomoni. Akasema "mm."

"Ile mm ilikuwa ya hapana," humwambia mpaka leo.

"Niliisikia vizuri. Ilikuwa ya ndiyo."

Wazo la Krismasi hii lilianzia mtaroni. Kila mwaka sikukuu ikipita na mvua ikanyesha, genge lao ndilo linaloifungua zawadi ya mwisho: masahani ya plastiki ya kutupa, maputo yaliyopasuka, utepe wa kung'aa uliojisokota kama utumbo, vikombe, vijiko. Mwaka uliopita mtaro ulioziba ulikuwa wa mtaa wa nyumbani kwao, na maji yakaingia mpaka jikoni kwa mama yake. Bwana Mtaro akachovya mikono, akavuta, akatoka na rundo la sahani zenye picha ya kengele nyekundu. Alizijua. Alikuwa amekula kwenye mojawapo.

"Mama," alisema siku ile, ameshika ushahidi unaochuruzika, "hizi ni zako."

"Za kwangu zina kengele mbili," alijibu mama yake, amepandisha gauni magotini katikati ya maji.

Zilikuwa na kengele mbili.

Kwa hiyo mwaka huu aliposema tufanye Krismasi isiyo na taka, mama yake hakuwa na pa kujificha. Alilalamika, alilaumu, aliuliza kama wageni wake watakula kwa kulamba meza, mwisho akakubali. Shida haikuwa Krismasi. Shida ilikuwa yule aliyetajwa kuja kuiandaa.

"Fundi nguo?" Mama alisema, na mwiko ukasimama hewani. "Katika watu wote wenye kazi zao, umeniletea fundi nguo? Hao wanameza vitambaa! Unampelekea kitambaa cha kumtosha mtu na dada yake, anakurudishia kigauni cha mwanasesere na kiapo juu. Muulize shangazi yako gauni lake liliishia wapi."

Hakukuwa na haja ya kumwuliza. Kila mtu wa nyumba ile aliijua hadithi. Zamani, Mama akiwa bado bi harusi mgeni, wifi yake alimwazima gauni la satini akalivae kwenye sherehe. Likawa pana. Mama akalipeleka kwa fundi lipunguzwe, na fundi akala gauni, akakana macho makavu. Tangu hapo fundi nguo hatajwi mle ndani bila kusonywa.

Lakini Bwana Mtaro alikuwa mtoto wake wa kwanza wa kiume, na mama huyu, pamoja na ukali wake wote, alishindwa kumnyima moja kwa moja. Akapitisha hukumu yake.

"Aje Krismasi. Aiandae yeye. Niuone mkono wake, niusikie mdomo wake, nimwone akizingirwa na watu. Nikimkubali, Januari tunakwenda kwao. Nikimkataa, jina lake lisitajwe tena humu, na wewe hutanibishia."

"Sitakubishia, Mama."

Pini alipoambiwa habari ya ahadi ile alitoa pini zote mdomoni, moja moja, akaziweka mezani.

"Umeahidi hutabisha? Mimi ni mnada? Umeniweka pale nigongewe nyundo?"

"Mama yangu atakupenda. Nakujua wewe, namjua na yeye."

"Asiponipenda?"

Hapo Bwana Mtaro akaanza kuzipanga zile pini mezani, na swali lile likamkaa Pini kifuani kuanzia siku ile.

Lakini sebule ilikuwa imependeza, hilo hata yeye alilijua. Mlimau ulivishwa vifungo vya kila rangi kwa uzi mwekundu. Zawadi zote zilifungwa kwenye vitambaa badala ya karatasi, kila kifurushi na mkanda wake, mtu akishafungua anakunja anakaa nacho. Sahani za udongo na za bati zilikuwa zimekusanywa kwa majirani, hakuna inayofanana na mwenzake. Na kutoka ukuta huu hadi ule, kamba za vibendera vya pembetatu, vilivyokatwa kwenye matambara ambayo Bwana Mtaro aliyabeba kwenye stoo ya mama yake mwanzoni mwa mwezi. "Chukueni vyote," Mama alikuwa amesema, "ni takataka tu zile."

Vizuri kuliko vyote vilikuwa vibendera vya zambarau. Kitambaa chake kilikuwa chini kabisa ya sanduku la matambara, ndani ya foronya kuukuu iliyofungwa fundo: gauni la satini lenye vijani vidogo vya fedha.

"Una hakika hata hiki?" Pini alikuwa ameuliza, mkasi mkononi.

"Amesema vyote."

Karibu na pindo palikuwa na doa. Siku nyingine angelikata akalitupa, lakini ndiyo kwanza walikuwa wameapa kutotupa kitu. Akatengeneza na hapo kibendera.

Lango likalia. Sauti zikajaa uwani, na kati ya sauti zote moja ilipita juu ya nyingine kama tarumbeta.

"Hiyo ni Shangazi," alisema Bwana Mtaro. "Shuka sasa."

Safari hii mikono yake ilikuwa mitupu. Pini akashuka, na kutoka mezani mpaka sakafuni alipitia kifuani pake, safari fupi iliyochukua muda mrefu bila sababu yoyote ya kueleweka.

"Jani," alisema Pini, akamtoa nyweleni.

"Lingine halipo? Angalia vizuri."

"Mama yako huyo!"

Wakaachana kama waliomwagiwa maji.

Shangazi ndiye aliyeingia wa kwanza, mwanamke wa mwili na kofia, akasimama katikati ya sebule na kujizungusha.

"Hee! Ndiyo Krismasi ya takataka hii?"

"Ya bila takataka, Shangazi," alisema Bwana Mtaro.

"Mbona nzuri basi? Njooni muone, jamani! Mlimau umevaa vifungo! Nani amefanya haya, huyu binti? Njoo nikuone. Aa, umeumbika. Wifi, mkwe wako ana mikono, huyu!"

Nyuma yake waliingia watoto, mawifi wadogo, binamu, wapangaji wawili wasio na kwao, na Baba mwenye nyumba, ambaye alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chake na kufumba macho. Mama aliingia mwisho. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Macho yake yalipanda kwenye vibendera, yakafuata kamba kutoka mlangoni, chekundu, cha bluu, cheupe, na yalipofika kwenye zambarau wimbo ukakatika katikati ya neno.

Pini aliona.

"Hujaipenda, Mama?"

"Nimeipenda," alisema Mama, kwa sauti ya mtu anayemeza kidonge bila maji. Kisha akamsogelea, karibu, akanong'ona: "Kile cha zambarau mmekitoa wapi?"

"Stoo, Mama. Ndani ya foronya. Ulisema tuchukue vyote."

"Nilisema," alisema Mama. "Ndiyo. Nilisema."

Kuanzia hapo Mama alikuwa na mambo ya ajabu. Shangazi alipotaka kukaa pale anapopenda, akahamishwa: "Wifi, njoo huku kuna upepo." Alipokaa huku, akageuziwa kiti: "Ukikaa hivyo utaona mlango vizuri." Shangazi akauliza mlangoni kuna nini cha kuona, anatoka rais? Mama akamwekea sahani iliyojaa ili kichwa kisiinuke. Pini, akipita na bakuli la wali, aliyaona yote na kuyatafsiri kivyake: huyu mama anaionea haya kazi yangu. Bwana Mtaro alimtupia jicho kutoka ng'ambo ya meza, jicho la kuuliza. Pini akatikisa kichwa kidogo. Sijui.

Chakula kilinoga. Kuku walishuka, viazi vilishuka, watu walikula kwenye sahani nzito za kweli na kusema chakula kina ladha nyingine kabisa. Ndipo Baba, bila kufumbua macho, akasimulia kile kisa chake cha mchungaji na baiskeli. Shangazi alikuwa amekisikia kila mwaka na kila mwaka kilimvunja mbavu. Akacheka, akapiga meza, akarusha kichwa nyuma mpaka kofia ikaning'inia.

Na kicheko kikamfia hapo hapo.

"Ile," alisema, kidole juu, "ni satini yangu."

"Satini ni nyingi, wifi," alisema Mama haraka. "Kula kuku."

"Nyingi zipo. Yenye vijani vya fedha?"

"Hata hizo."

"Na doa la chai lenye umbo la bata?" Shangazi alikuwa ameshasimama. Kidole kilikwenda moja kwa moja kwenye kibendera cha mwisho, na shingo zote zikageuka. Bata alikuwepo, na mdomo wake. "Doa alilonimwagia huyu huyu kaka yangu!"

"Mimi?" alisema Baba, macho yamefumbuka.

"Wewe! Hata hukuomba radhi!" Akamgeukia Pini. "Binti, hebu njoo. Aliyekufundisha kushona ni nani?"

"Ni mama mmoja, Shangazi. Kibanda kilikuwa chake kabla ya..."

"Pale pale kona! Mrefu, mwembamba, ana mwanya?"

"Ndiye."

"Mnamsikia?" Shangazi alifungua mikono kwa baraza zima. "Ndiye yule mwizi! Alikula gauni langu, akalificha miaka yote, akalirithisha kwa mwanafunzi wake, na mwanafunzi amekuja kunitundikia ukutani nikiwa nakula! Wifi, ulisema! Ulisema hawa watu wanameza vitambaa, na bado hawajashiba!"

Pini alisimama na bakuli lake. Alilikumbuka lile gauni lilivyokuwa mezani kwake kabla ya mkasi. Mishono ya ubavuni, ambayo angepaswa kuikuta imefumuliwa na kurudiwa kama kweli lingepelekwa kupunguzwa, ilikuwa ile ile ya kwanza, uzi ule ule. Hakuna fundi aliyewahi kuligusa. Lilitoka kwa Shangazi likaingia kwenye foronya.

Akainua macho. Mama alikuwa anaukoroga wali wake kama uji, hainui kichwa.

Kwa hiyo ndivyo ilivyokuwa.

Bwana Mtaro naye, ambaye mambo humfikia polepole lakini humfikia, alikuwa amekuja kusimama ubavuni kwa Pini na kuanza kufungua mdomo. "Lakini Shangazi, lile gauni lilikuwa kwenye..."

Kisigino cha Pini kilimpata juu ya kidole gumba.

"Aaa!"

"Shangazi," alisema Pini, na sauti yake ilitoka wazi kuliko alivyotegemea, "gauni nimelikata mimi, kwa mkasi wangu. Nilitakiwa kuuliza zaidi kabla ya kukata, sikuuliza. Nisamehe sana."

"Nikusamehe nini! Fundi ni fundi tu!" Shangazi aliketi kwa kishindo, machozi ya hasira machoni. "Na nilishakupenda!"

Watu wakainamia sahani zao. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti kama bata wa ukutani ni wa Shangazi, akafinywa. Mama akajiongezea kuku. Pini akaanza kukusanya sahani zilizomalizika, akazipanga mkononi, akatoka nazo uwani bila kumwangalia mtu.

Pale uwani palikuwa na makarai mawili, moja la povu na moja la kusuuzia, na mlima wa vyombo. Alikunja mikono ya gauni, akaanza. Alijiambia halii, ni mvuke. Bwana Mtaro alimfuata akichechemea.

"Umenivunja kidole."

"Pole."

"Lilikuwa sandukuni kwa Mama! Nimelitoa mwenyewe! Ungeniacha niseme, ungekuwa umetoka mweupe kama theluji!"

"Na mama yako angekuwa mweusi kama sufuria. Kwake, mezani kwake, mbele ya watu waliokuja kula chakula chake."

Taratibu, uso wa Bwana Mtaro ukabadilika. "Ina maana yeye ndiye..."

"Sijasema kitu. Na wewe hujasikia."

"Pini."

"Nipe ile sahani."

"Pini, unajua umefanya nini? Alisema akuone ukizingirwa na watu. Wamekuzingira, na umekubali kosa la watu wengine. Atakukataa, na ushahidi umempa mwenyewe."

"Najua."

"Basi ile ahadi naivunja. Nitambishia. Sasa hivi."

"Ukimtolea siri hii leo kwa ajili yangu, kesho utamwangaliaje mama yako usoni?"

"Na nikikukosa wewe," alisema Bwana Mtaro, "nitajiangaliaje mimi?"

Alichuchumaa upande wa pili wa karai. Mikono ile iliyozoea matope na vyuma aliiingiza kwenye povu, akaikuta mikono ya Pini humo chini, akaishika. Hakuna aliyekuwa anaosha kitu. Povu lilikuwa limemrukia Pini shavuni na hakuwa na mkono wa kulifuta, naye Bwana Mtaro akainama mbele alifute kwa bega lake mwenyewe, na alipofika pale bega likasahau kilicholileta. Walikaa hivyo, shavu kwa bega, na ndani ya nyumba watu walisikika wakibishana kuhusu bata.

Mtu akakohoa.

Wakainuka wote wawili. Mama alisimama mlangoni, na mikononi mwake hakuwa na sahani wala kitambaa, hakuwa na kisingizio chochote cha kutoka.

"Wewe kaongeze maji kwenye sufuria jikoni," alimwambia mwanawe.

"Yapo, Mama."

"Basi kayaangalie yalivyo."

Alikwenda mpaka jikoni, hatua chache, akasimama huko na masikio yake yote uwani. Mama akageuza ndoo tupu, akaikalia.

"Kwa nini hukusema?"

"Niseme nini, Mama?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Umelishika, umelikata. Fundi mzuri kama wewe hukuona?"

Ilikuwa mara ya kwanza maneno "fundi" na "mzuri" kukaa pamoja mdomoni mwake. Pini aliangalia povu.

"Mishono ilikuwa ya mwanzo," alisema. "Nimeelewa pale mezani, Shangazi alipoanza kusema."

Mama akapumua. Alipoanza kuzungumza alizungumza chini chini, akijifuta viganja magotini.

"Nimeolewa nyumba hii nina magauni mawili, yote ya kufulia. Wifi yangu akipita mlangoni na nguo zake, mlango mzima unang'aa. Akaniazima lile. Nikalivaa sherehe moja, na siku ile hata mimi niligeukiwa. Ikafika siku ya kurudisha. Nikasema kesho. Halafu kesho tena. Mwisho akaja mwenyewe kuulizia, nikausikia mdomo wangu unasema fundi amelila. Sijui uliyatoa wapi. Na yakishatoka, unayarudishaje? Sikulivaa tena, ningelivaa wapi? Nilikuwa naingia stoo, nafungua foronya, naligusa, nafunga. Nina wajukuu mimi!"

"Mama..."

"Na mafundi wote nikawachukia. Kila nikimwona fundi ni kama ananiambia najua. Leo nimekaa pale nakula kuku na wewe umesimama umebebeshwa uchafu wangu. Hata kutema nimeshindwa, kumeza nimeshindwa."

"Wageni ni wako, Mama. Ningewezaje..."

"Nyamaza kidogo." Mama alisimama. Alijinyoosha gauni, akavuta pumzi, akapaza sauti mpaka njiwa wa jirani wakaruka. "Wifi! Wifi wee! Njoo huku uwani, na uje na hasira zako zote!"

Shangazi alikuja nazo. Alikuja pia na paja la kuku, kwa sababu hasira ni hasira na kuku ni kuku. Nyuma yake mlango ulijaa vichwa, vikubwa na vidogo, na Baba juu yao wote, macho makavu kabisa.

"Gauni lako halikuliwa na fundi," alisema Mama. "Nililichukua mimi. Lilikuwa stoo kwangu siku zote. Huyu binti hakujua analokata, na alipojua, amenifichia."

Shangazi alitafuna, akameza.

"Miaka yote hii?"

"Yote."

"Yule mama wa watu mwenye mwanya, kila nikipita kibandani kwake nilikuwa natema mate chini."

"Najua, wifi."

"Nilimkataza mume wangu asishonewe nguo na fundi yeyote!"

"Najua."

"Marehemu amezikwa na suruali ya dukani! Fupi!"

Midomo ya Mama ilicheza. Alijizuia, akauma ndani ya shavu, lakini aliyekuwa jikoni kuangalia maji alipasuka kicheko, na kicheko hicho kikamponza mama yake. Shangazi aliwaangalia mmoja baada ya mwingine, paja la kuku juu kama rungu, na hakuna aliyejua litatua wapi.

"Mjinga wewe," alisema hatimaye, na sauti ya tarumbeta ilikuwa imelegea. "Ungeniomba. Ningekupa siku ile ile. Lilikuwa linanibana kwapa, nilikuwa natafuta wa kumwachia!"

Wakakumbatiana, kuku katikati. Walilia, wakacheka, wakalia tena, kofia ikaanguka kwenye karai la kusuuzia. Shangazi aliyafuta macho kwa mkono safi, kisha akamgeukia Pini.

"Na wewe. Ulijua, nikakuita mwanafunzi wa mwizi, ukasimama tu?"

"Ulikuwa unakula, Shangazi. Nilihofia litakukwama kooni."

"Mnamsikia huyu!" Alimvuta akambana mpaka pumzi ikamtoka. "Kesho unanipeleka kwa huyo mwalimu wako, popote alipo. Nina magoti ya kupiga." Kisha kwa Mama, bila kumwachia Pini: "Wifi, huyu usipomchukua, mimi nitatafuta mtoto wa kiume hata wa kuazima nimwoze."

"Mtoto wa kiume yupo," alisema Mama. "Amesimama jikoni anaangalia maji yasiyochemka."

Bwana Mtaro akajitokeza. Alikuwa ameacha kucheka. Alimwangalia mama yake, kisha Pini, na uso wake ulikuwa wazi kama dirisha, kila kitu kilionekana, na Pini akashindwa kuutazama na akashindwa kutoutazama.

"Mama," alisema, "niliahidi sitakubishia, lakini..."

"Lakini nini? Nani amekuomba ubishe?" Mama alikuwa tayari anakunja mikono ya gauni lake la kanisani. Alichuchumaa mbele ya karai, akachukua sahani ya juu, akaitia kwenye povu. "Kamwambie baba yako Januari asipange safari nyingine. Tunakwenda kwa kina huyu. Kamwambie na hao waliojazana mlangoni, maana wanajifanya hawasikii."

Hakusogea. Alisimama pale na tabasamu la mtu aliyepigwa na kitu kizito kizuri.

"Nenda!"

Alikwenda mbio. Vichwa vikamezwa na mlango pamoja naye, na kitambo kidogo baadaye nyumba nzima ikalipuka kwa vigelegele, viti vikaburutwa, mtoto akaanza kupiga sufuria, na miguu mingi ikaanza kuja tena upande wa uwani.

Mama hakuinua kichwa. Alimpa Pini sahani yenye povu.

"Suuza haraka, mwanangu," alisema. "Hao wakitufikia na kukumbatia kwao, vyombo hivi havioshwi leo."